Pop 14 si kadi 14: jinsi ya kusoma ripoti ya madaraja kabla ya kutoa pesa

Swali: Salaam mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Toronto, na mwaka huu nimeanza kukusanya kadi za michezo. Nimepata kadi ya mpira wa kikapu ya NBA Hoops ya 1990, mchezaji wa kawaida tu, imepimwa na PSA, kampuni ya Marekani inayopima ubora wa kadi, ikapewa daraja la 10. Muuzaji anataka dola 350 za Marekani. Amenionyesha ripoti: za daraja la 10 ziko 14 tu duniani, na hakuna daraja la juu zaidi ya hapo. Nimeangalia mwenyewe nikaona za 9 ziko 12, za 8 ziko 4 na ya 7 iko moja. Rafiki yangu ananiambia niiache, niweke akiba ninunue Charizard, kadi ya Pokémon, ya 1999. Lakini hizo zimepimwa kwa maelfu! Kadi 14 si ndizo adimu zaidi?

Jibu:

Salaam nawe ndugu yangu. Usitoe dola 350 kwa kadi hiyo. Namba ulizoonyeshwa ni za kweli, hakuna aliyezichakachua, ila muuzaji amekusomea moja na kunyamazia zilizobaki. Wewe umefanya vizuri kwenda kuangalia mstari mzima, na jibu lako limo humohumo kwenye mstari huo.

Tuanze na kile kinachohesabiwa. PSA, iliyoanza California mwaka 1991, hupokea kadi, mpimaji hukagua kona nne, kingo, uso wa mbele na wa nyuma, na jinsi picha ilivyokaa katikati ya pambizo. Kisha hutoa daraja kati ya 1 na 10, kadi ikafungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Kila cheti kinapotoka, ripoti ya idadi huongezeka moja. Wakusanyaji huiita idadi hiyo pop. Kwa hiyo pop 14 maana yake ni vyeti 14. Ripoti haijui ni kadi ngapi zilichapwa, ngapi zimelala kwenye masanduku ya viatu, wala ngapi bado zimo ndani ya pakiti. Inajua tu ni mara ngapi mwenye kadi aliona inafaa kulipa ada, kuifunga vizuri, kuituma na kungoja.

Sasa itazame kadi yako kwa jicho hilo. Awamu ya kwanza ya Hoops ya 1990 ina kadi 336 tofauti. Boksi moja lina pakiti 36, kila pakiti kadi 15, jumla 540. Gawanya, utapata kwamba boksi moja linatoa, kwa wastani, zaidi ya nakala moja na nusu ya kila kadi. Miaka ile, tangu mwishoni mwa 1980 na kitu hadi mwanzoni mwa 1990 na kitu, viwanda vya Marekani vilichapa kadi kupita kiasi, na watu walinunua maboksi wakayahifadhi wakiamini yatawasomeshea watoto. Maboksi mengi bado yapo, yamefungwa vilevile, na yanauzwa kwa bei ndogo. Kadi yako imo ndani ya hayo yote.

Ushahidi unaweza kuupata bila kutoka kwenye ripoti. Fungua mstari wa Michael Jordan wa toleo hilohilo, namba 65. Utakuta vyeti kwa maelfu. Je, Jordan alichapwa mara mia zaidi ya mchezaji wako? Hapana. Kadi za kawaida za toleo moja huchapwa pamoja kwenye karatasi kubwa kisha hukatwa, na mashine haimjui nyota wala mchezaji wa akiba. Tofauti yote ya vyeti kati ya Jordan na mchezaji wako imetokana na watu kuona faida ya kuituma moja na kutoiona ya kuituma nyingine. Hiki ni kipimo cha kwanza ninachokushauri uwe nacho siku zote: usisome mstari wa kadi moja peke yake, soma na majirani zake wa toleo lilelile.

Katika toleo hilo la 1990 kuna mfano unaofundisha kuliko maelezo yoyote. Kadi ya Mark Jackson wa New York Knicks, namba 205, ilikuwa ya senti chache kwa karibu miaka thelathini. Mwaka 2018 watu wakagundua kwamba nyuma ya Jackson, kwenye viti vya mbele, wanaonekana ndugu Lyle na Erik Menendez, wale waliowaua wazazi wao Beverly Hills Agosti 1989. Habari ikasambaa, bei ikapanda, na ghafla watu wakaanza kuzichimbua kutoka kwenye masanduku na kuzituma zikapimwe. Hakuna hata moja iliyochapwa upya. Zilikuwepo muda wote, zilikuwa zinangoja sababu.

Na sababu hiyo inahesabika. Tuseme kadi yako bila kasha ni dola 1, kuipima pamoja na posta na bima ni dola 25, ikipata 9 inauzwa dola 10, ikipata 10 inauzwa dola 30. (Ada hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo weka ya siku utakayopiga hesabu.) Umetumia dola 26. Ili usipate hasara, uwezekano wa kupata 10 lazima ufike angalau asilimia 80, maana 30 mara 0.8 ni 24, na 10 mara 0.2 ni 2, jumla 26. Ni nani atakayekuwa na hakika ya kiasi hicho juu ya kadi ya mchezaji asiyetafutwa? Ndiyo maana hazitumwi, na ndiyo maana pop ni 14.

Badilisha sasa namba moja tu: 10 iuzwe dola 350 kama anavyotaka muuzaji wako. Uwezekano unaohitajika unashuka hadi chini ya asilimia 5. Kwa bei hiyo kila mwenye boksi la 1990 ana sababu ya kulifungua leo jioni. Ukiilipa dola 350, na mauzo yakaonekana hadharani, wewe mwenyewe ndiye utakayekuwa umewaita washindani wa kadi yako. Uhaba wa aina hii hauwezi kustahimili bei yake, na kwa hiyo haustahili jina la uadimu.

Kuna namba tatu za kutafuta kwenye mstari wowote. Jumla ya vyeti vyote. Sehemu ya vyeti hivyo iliyopata 10. Na bei ambayo kadi imekuwa ikiuzwa kwa miaka kadhaa, si wiki hii. Zikisomwa pamoja, zinakutenganishia aina tatu za uchache ambazo wauzaji wengi huzichanganya.

Kadi yako: jumla 31, na 14 kati yake ni 10, yaani asilimia 45. Jumla ndogo, daraja la 10 linapatikana kirahisi, bei ya miaka yote ni ndogo. Hii ni kadi isiyotumwa.

Aina ya pili ni kadi iliyotumwa sana lakini 10 haitoki. Chukua Wayne Gretzky wa O-Pee-Chee wa 1979, kadi ya mpira wa magongo wa barafuni iliyotengenezwa hukohuko Kanada uliko. Zimepimwa maelfu. PSA imetoa 10 mbili tu. Kiwanda kilikata karatasi kwa waya, kingo zikatoka na manyoya, na tangu siku ya kwanza kadi nyingi zilikuwa haziko katikati. Moja ya hizo mbili iliuzwa dola milioni 3.75 mwaka 2021. Hapa namba ndogo ina uzito, kwa sababu imejaribiwa: watu wenye kila sababu ya kutafuta 10 wametuma maelfu kwa miaka zaidi ya thelathini na wamekosa. Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, wa Topps wa 1952, namba 311, yuko kundi hilihili. Kadi yenyewe si haba. Wanaoijua historia ya uchapaji wanajua kwamba Mantle alichapwa mara mbili kwenye karatasi ya awamu ile ya mwisho, na PSA peke yake imetoa vyeti zaidi ya 1,500. Ila za daraja la 10 ziko 3. Mwaka 2022 moja iliyopewa 9.5 na kampuni ya SGC iliuzwa dola milioni 12.6. Anayekwambia Mantle ya daraja la 3 ni "adimu" anakuuzia sifa ya ile ya daraja la 10.

Aina ya tatu ni kadi chache kweli, hata iliyochanika. Honus Wagner wa T206, kadi ya besiboli iliyotoka na sigara kati ya 1909 na 1911, inajulikana kwa nakala zisizofika 60 zote. Pikachu Illustrator, kadi ya Pokémon, ilitolewa 39 kama zawadi za mashindano ya uchoraji ya jarida la Kijapani CoroCoro mwaka 1997 na 1998. Dalili yake ni hii: jumla ndogo, wakati bei imekuwa kubwa kwa miaka mingi. Bei kubwa ya muda mrefu imekwishaita kila nakala iliyokuwa imejificha, na bado jumla haikui. Ukikosa sehemu hiyo ya pili, bei kubwa ya muda mrefu, namba ndogo haikuthibitishii chochote.

Baada ya hapo kuna kazi ya kusafisha namba zenyewe, maana zina uchafu wa aina kadhaa, na si zote zinazovutia upande mmoja.

Kwanza, uchafu mkubwa ni kuvunja kasha na kutuma tena. Mtu ana 9 ya dola 200, na 10 ya kadi hiyohiyo inakwenda dola 2,000. Anaivunja, anaituma upya akitumaini mpimaji mwingine ataiona vizuri zaidi. Inarudi 9. Anajaribu tena, inarudi 9. Kadi moja sasa imehesabiwa mara tatu kwenye safu ya 9. PSA inaruhusu kurudisha lebo za makasha yaliyovunjwa ili zifutwe kwenye ripoti, lakini wengi hawajishughulishi. Kwa hiyo, kila panapokuwa na pengo kubwa la bei kati ya daraja moja na linalofuata, idadi ya daraja la chini imevimba. Safu ya 10 ni safi zaidi, kwa kuwa aliyekwisha kupata 10 hana pa kupanda, isipokuwa wachache wanaoivunja wakijaribu kupata Black Label, lebo ya juu kabisa ya kampuni ya Beckett, ambayo inataka 10 kwenye vipengele vyote vinne: kona, kingo, uso na ukaaji wa katikati.

Matokeo yake ni kwamba asilimia ya 10 inayoonekana kwenye kadi ghali ni ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa unagawanya kwa jumla iliyovimba. Lakini upo uchafu unaovuta upande wa pili. Kadi zinazotumwa zimechaguliwa. Mtumaji mzuri ana lenzi, taa kali ya kuilaza pembeni na rula ya kupimia pambizo. Kati ya kadi mia moja anatuma nane. Asilimia 45 ya kadi yako ya Hoops ni ya kadi zilizochaguliwa hivyo. Huwezi kuichukua na kusema asilimia 45 ya kadi zote za 1990 zingepata 10. Kwa kadi za bei ndogo uchaguzi ndio unaotawala, kwa sababu hakuna anayevunja kasha la dola 10. Kwa kadi za bei kubwa, kuvunja ndiko kunakotawala. Jiulize kwanza uko upande gani.

Pili, hakikisha unasoma mstari sahihi. Hapa watu huumia sana, na sana kwenye Pokémon. Charizard ya Base Set, 4/102, ina toleo lenye muhuri wa 1st Edition, lile lisilo na kivuli kando ya fremu ya picha, na lile la kawaida lililochapwa kwa wingi. Kwa macho ya mgeni zinafanana. Bei zake hazikaribiani hata kidogo. Lebo za zamani mara nyingi hazikutenganisha kila aina, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba kadi za aina mbili, na mstari wa aina fulani unaweza kuonyesha chache kuliko zilivyo. Vivyo hivyo lugha: Kiingereza, Kijapani, Kiitaliano, kila moja na mstari wake. Ukiona "pop 1" ya kushangaza, kabla ya kufurahi angalia kama kadi hiyohiyo imeandikwa chini ya jina jingine la toleo, au namba iliyokosewa. Mara nyingi upekee wote ni kosa la lebo.

Tatu, soma safu zote za mstari. Tangu 2008 PSA hutoa nusu daraja, lakini haitoi 9.5, kwa hiyo kati ya 9 na 10 hakuna ngazi. Vilevile kuna madaraja yenye alama: 9 OC ni kadi ambayo ingekuwa 9 kama picha yake isingekaa upande. Zinahesabiwa kwenye safu yake peke yake, na muuzaji anaweza kukuambia "8 ziko chache" akiwa ameziacha nje zenye alama.

Nne, jumlisha kampuni. PSA ni kubwa kuliko zote, lakini Beckett inapima tangu 1999, SGC tangu 1998, na CGC iliingia kwenye kadi mwaka 2020 na kupendwa sana na watu wa Pokémon na wa mchezo wa kadi wa Magic. Kila moja ina ripoti yake, na tovuti ya GemRate hukusanya takwimu zao pamoja, jambo linalokuokolea muda. Ila usizijumlishe safu za 10 kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa Beckett, Gem Mint ni 9.5, na 10 ni Pristine, ngumu zaidi kupata. CGC ilibadilisha kipimo chake katikati ya safari, kilichokuwa Gem Mint 9.5 kikawa 10. Jumlisha kwa jina la ubora, si kwa tarakimu. Halafu kumbuka kadi inaweza kuvunjwa kwenye kasha la kampuni moja ikaenda kwa nyingine, ikaacha kivuli chake nyuma. Jumla ya kampuni zote ni dari tu. Nakala halisi ziko chini ya hapo.

Tano, jiografia. Kampuni hizi ni za Marekani, na kwa miaka mingi aliyekuwa mbali alilipa posta ya kimataifa, bima na hatari ya kadi kupotea njiani. Ndiyo maana kadi za zamani za mpira wa miguu wa Ulaya, kama Messi wa Panini Mega Cracks wa 2004-05, namba 71, zilikaa muda mrefu kwenye albamu na droo za Uhispania bila kupimwa na mtu. PSA sasa ina ofisi Tokyo, na kadi za Kijapani zinaingia kwenye ripoti kwa kasi ambayo miaka ya nyuma haikuwepo. Ukikuta kadi ya nje ya Marekani yenye pop ndogo, ongeza shaka. Kwa ndugu zetu walio Dar au Nairobi hesabu ya kutuma ni ngumu zaidi hata leo, kwa hiyo kwao namba ya "dola 25" niliyotumia juu lazima ipande sana kabla hawajaamua lolote.

Sita, na hili kwa kadi mpya ni zito kuliko yote matano: muda. Ripoti ni picha ya siku moja. Kadi ikitoka sokoni leo, wiki tatu zijazo ripoti itasema pop 3, kwa sababu zilizobaki ziko posta au kwenye foleni ya upimaji. Zion Williamson wa Panini Prizm wa 2019, namba 248, alianza na namba ndogo kama kadi yoyote mpya. Leo vyeti vyake vya daraja la 10 peke yake vimepita 10,000. Machi 2021 PSA ilisimamisha huduma zake nyingi kwa sababu ya mamilioni ya kadi zilizokuwa zimerundikana, na ripoti ya wakati ule ilionyesha uchache uliotokana na foleni. Walionunua kwa kuangalia namba hizo walilipa gharama ya kusubiri kwa wenzao.

Kwa hiyo fungua daftari. Andika tarehe, jumla, na idadi ya 10. Rudia baada ya siku 30 na siku 90. Kadi ya 1979 ambayo idadi yake ya 10 haikuongezeka hata moja kwa mwaka mzima imetulia. Kadi ya mwaka jana inayoongezeka 200 kwa mwezi haina pop, ina kasi, na cha kununulia ni makadirio ya pale kasi hiyo itakapokoma. Kwa kadi zilizogongwa namba na kiwanda, mathalani 7/10 au 1/1, idadi yote inajulikana tangu mwanzo, na ripoti inakuambia tu ni ngapi zimejitokeza na zikiwa na hali gani. Bahati kama hiyo ipo kwa Magic pia: kadi adimu za toleo la Alpha la 1993, Black Lotus ikiwemo, zilichapwa takriban 1,100 kila moja, na za Beta zaidi ya 3,000. Ukiwa na idadi ya uchapaji, ripoti inageuka kuwa chombo kizuri kweli. Unagawanya vyeti kwa nakala zilizochapwa, unaona ni sehemu gani imekwishajitokeza.

Sasa turudi kwa rafiki yako na Charizard yake, maana ana hoja nzuri kuliko ulivyodhani. Ile ya 1st Edition imepimwa na PSA kwa maelfu, ni kweli. Za daraja la 10 ni mia moja na ushee. Imetafutwa kwa zaidi ya miaka ishirini, moja ya daraja la 10 iliuzwa dola 420,000 Machi 2022, na kila aliyekuwa nayo kwenye droo amekwisha kusikia habari. Mia na kitu zilizopatikana chini ya shinikizo la namna hiyo ni uhaba wa kuaminika kuliko 14 zako ambazo hazijawahi kutafutwa na mtu. Ile ya kawaida, ambayo ndiyo nadhani rafiki yako ana maana nayo kwa bei za kuwekewa akiba, si adimu kabisa. Imepimwa kwa makumi ya maelfu. Inauzwa kwa sababu inapendwa, na unaponunua unalipia mapenzi ya watu kwa Charizard. Si kosa, mradi ujue unachokilipia.

Na mapenzi hayo yanahama. Michael Jordan wa Fleer wa 1986, namba 57: toleo zima lina kadi 132, zote kwenye karatasi moja, kwa hiyo Jordan alichapwa sawa na mchezaji yeyote aliyesahaulika wa toleo lile. PSA imetoa 10 zaidi ya 300. Januari 2021 mbili ziliuzwa dola 738,000 kila moja. Miezi michache baadaye zikauzwa kwa chini ya nusu. Idadi ya 10 katika muda huo haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Ndani ya toleo la Charizard lenyewe utaliona hilohilo: Chansey ya 1st Edition ina 10 chache kuliko Charizard, uso wake ni mgumu kupatikana safi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya Charizard. Uadimu unaweka mpaka wa wangapi wataipata. Bei inawekwa na wangapi wanaitaka, na hiyo hutaiona kwenye ripoti yoyote, utaiona kwenye mauzo yaliyokamilika. Angalia bei zilizolipwa kwenye eBay na minada kama Goldin na Heritage, usiangalie bei zilizobandikwa. Hesabu pia ziko ngapi sokoni sasa hivi. Kati ya 14, zikiwa nne zinauzwa wiki hiihii, wenye nazo wanataka kutoka.

Jambo jingine kabla ya kutoa hata dola moja kwa kadi yoyote yenye kasha: ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya PSA, linganisha picha na kadi iliyo mkononi mwako, alama kwa alama, na kagua mshono wa kasha kama umewahi kufunguliwa. Makasha ya bandia yapo, na hutumia namba za vyeti halali. Na daraja lenyewe ni rai ya mtu siku ile. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa Honus Wagner iliyopewa 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameipunguza kingo. Bado imo kwenye kasha lake, na bado inahesabiwa.

Umebaki na swali la kiasi gani ulipe, na kwa kadi isiyotumwa kuna njia ya kulijibu: piga hesabu ya gharama ya kutengeneza 10 nyingine. Chukua kadi kumi safi bila kasha kwa dola 1 kila moja, zipime kwa dola 25, jumla dola 260. Asilimia 45 ya ripoti ni ya watumaji wenye jicho, kwa hiyo ishushe hadi 30. Utapata 10 tatu na, tuseme, 9 saba. Uza hizo saba kwa dola 10, unarudisha 70. Umebaki na dola 190 kwa kadi tatu, yaani kama dola 63 kila moja. Hiyo ndiyo dari ya kadi yako. Juu ya hapo ni afadhali ununue boksi, lenzi na uvumilivu.

Ukiwa unampenda mchezaji huyo na unataka kadi yake iliyo safi, mwandikie muuzaji umpe dola 40, mwonyeshe hesabu hiyo na mstari mzima wa ripoti ulioniletea, na upande usizidi 60. Akikataa, mwache nayo. Zitakuja nyingine.